Shedlia wa Chumba cha Mitungi

Nyumba ya Belgasem, pale Ksur Essaf, mji mdogo wa Tunisia, nyuma ya kinu cha zeituni, ilikuwa na vyumba vitano, na wageni walionyeshwa vinne. Cha tano kilikuwa mwisho wa ua, karibu na bomba la maji. Kilikuwa na mlango wa buluu na kidirisha cha nondo, na zamani kilikuwa cha kuwekea mafuta. Mitungi miwili ya udongo ilibaki humo, mirefu kufika kifuani mwa mtu. Kati ya mitungi hiyo palitandikwa godoro, na juu ya godoro ndipo alipoishi Shedlia, binti mkubwa wa nyumba.

Hakufungiwa. Mama yake, Bi Munjia, alilisema hilo hata pasipo kuulizwa: "Mlango hauna hata komeo. Nani kamfungia?" Na kweli haukuwa na komeo. Kwa mtu asiyeweza kusimama, komeo la nini?

Shedlia alikuwa mtoto kama wengine mpaka alipofika miaka kumi na moja. Ndipo akaanza kuanguka mahali pasipo na jiwe wala shimo. Mwandiko wake ukawa unapanda na kushuka, mwalimu akamchapa kwa uzembe. Akawa anatembea miguu imepanuka, kama mtu anayevuka tope, na wanaume waliokaa mkahawani wakamtania baba yake: "Belgasem, huyo binti anakunywa nini huko shuleni? Tuletee na sisi!" Belgasem, ambaye hakuwa na majibu ya haraka, alicheka nao, kisha akabadilisha njia asipite tena mkahawani.

Bi Munjia alimpeleka kwa mawalii, akamvisha hirizi, akamchinjia kuku mweusi. Alipofika miaka kumi na minne walimpeleka kwa daktari wa mji mkubwa. Daktari akamgonga magoti kwa kinyundo, na magoti hayakuruka. Akamtoa Belgasem nje hadi ukumbini, lakini mlango haukufungwa vizuri, na Shedlia alisikia kila neno.

"Ni ugonjwa wa ukoo. Wewe na mkeo ni ndugu?"

"Baba zetu ni ndugu."

"Basi ndiyo hivyo. Mishipa ya fahamu inakufa kidogo kidogo. Hauna dawa. Mrudishe nyumbani, mpe chakula kizuri."

Katika maneno yote hayo, Bi Munjia alishika moja tu, la chakula kizuri. Kuanzia kesho yake, kila asubuhi, kabla ya mkate na kabla ya chai, Shedlia alinyweshwa kikombe kidogo cha mafuta ya zeituni, ya miti yao wenyewe, yaliyokamuliwa kwenye kinu cha mbele ya nyumba. "Kunywa, mwanangu. Babu yako alikunywa haya akafa na meno yake yote." Shedlia akanywa. Akanywa mwaka baada ya mwaka, huku miguu ikiendelea kumtoka. Alipotimiza miaka ishirini na miwili hakuweza tena kwenda hata kwa kushika ukuta. Ulimi wake ukawa mzito, maneno yakawa yanatoka yakivutana. Kichwa kikawa kinatikisika polepole, juu na chini, kama mtu anayekubali. Watu walimwuliza jambo wakaona kichwa kinakubali, wakaondoka wameridhika. Mara nyingi alikuwa hakubali.

Akili ilikuwa imekaa pale pale, nzima, na hiyo ndiyo iliyomchosha kuliko vyote.

Aliyemlisha na kumwosha alikuwa mdogo wake, Wided, aliyezaliwa miaka tisa baada yake. Wided alikuwa msichana wa vichekesho. Aliweza kumwiga imamu, muuza samaki na shangazi yao akipiga chafya, na kila jioni alimletea Shedlia habari za mtaa mzima pamoja na chakula. Shedlia alisubiri sauti ya kandambili zake uani kama wengine wanavyosubiri tamthilia ya Misri kwenye televisheni.

Wided alipofika miaka kumi na minane alikuja kuposwa. Mwanamume aliitwa Lazhar, fundi umeme wa hoteli huko Mahdia, na familia yake haikuwa na mtu hata mmoja Ksur Essaf. Kwa Bi Munjia hiyo ilikuwa bahati kubwa, kwa kuwa watu wa Ksur Essaf walijua kilichokuwamo nyuma ya mlango wa buluu, na hakuna mama wa pale aliyewahi kubisha hodi kumwulizia Wided. Siku ya posa redio iliwekwa dirishani mwa Shedlia, ikafunguliwa. Hata hivyo, kati ya wimbo na wimbo, alimsikia mama yake Lazhar, Bi Mannubia, akiuliza:

"Na mabinti una wangapi, Bi Munjia?"

"Huyu huyu mmoja. Ndiye taa ya nyumba yangu."

Wimbo mwingine ukaanza. Wided alipokuja baadaye na sahani ya halua, hakuiga mtu yeyote.

"Shedlia, mama hakukusudia..."

"Alikusudia," Shedlia akasema. "Nipe halua."

Fatiha ya posa ikasomwa, harusi ikapangwa baada ya mavuno ya shayiri. Nyumba ikajaa vitambaa, mashuka na masufuria mapya, na Shedlia akaambiwa asikohoe sana wageni wakiwapo.

Ni majira hayo Shedlia alipoona jambo. Kutoka godoroni, kidirisha kilimwonyesha bomba, kipande cha ukuta na yeyote aliyesimama pale kutia udhu. Wided alisimama, akanawa mikono, akasukutua, kisha akafumba macho kunawa uso. Mara tu macho yalipofumbwa, mwili ukayumba. Akalishika bomba upesi, akafumbua macho, akatazama huku na huku kama aliyeiba. Alipomalizia kunawa uso, jicho moja liliachwa wazi.

Shedlia aliujua mtindo huo. Yeye mwenyewe alinawa hivyo hivyo alipokuwa na miaka kumi na miwili, jicho moja wazi.

Akaanza kuangalia. Akaona Wided akishuka ngazi za darini ubavu ubavu. Akaona chai ikimwagika kwenye kisahani. Siku moja kijiko cha supu kikakosa mdomo wa Shedlia na kumgonga shavuni, na wote wawili wakabaki wakikitazama.

"Imeanza lini?" Shedlia akauliza.

"Imeanza nini? Umesogeza kichwa."

"Simama, fumba macho."

"Nina bakuli mkononi."

"Liweke chini, Wided."

Wided aliliweka bakuli chini, lakini hakusimama. Alikaa sakafuni, akaegemea mtungi, na machozi yakaanza kushuka bila sauti.

"Tangu baridi ya mwaka juzi," akasema. "Usimwambie mtu. Niache niolewe kwanza. Nikishaingia kwake, basi, nitaanguka nikiwa kwake."

"Na yeye kwake ana chumba cha mitungi?"

Wided akainuka kwa hasira, akashika ukuta. "Wallahi ukilitaja tena, sikuletei hata maji ya kunywa. Wewe yamekwisha. Mimi bado!"

Shedlia alimwambia mama yake hata hivyo. Ilimchukua muda mrefu kuyatoa maneno, na Bi Munjia alisimama na ungo wa kuskusi kiunoni akisikiliza mpaka mwisho. Alipojibu, sauti ilikuwa ya chini sana.

"Mdogo wako anaolewa, na wewe unamwombea kitanda kama chako. Hicho ni kijicho, Shedlia."

"Mama, na wewe umeona."

"Sijaona kitu! Na wewe hujaona!" Ungo ukainama, punje zikamwagika. Bi Munjia akapiga magoti kuziokota moja moja kwenye vumbi, punje ambazo zisingepikwa tena, na Shedlia akajua kuwa mama yake ameona tangu siku nyingi.

Basi akabaki na jambo hilo peke yake. Alilala nalo na kuamka nalo. Aliijua njia yote ambayo mdogo wake angepita, ukuta kwa ukuta, mpaka godoroni, na hakuwa na miguu ya kwenda kumwambia mtu wala sauti ya kupita redio.

Zilikuwa zimebaki wiki chache kufikia harusi pale gari jeupe lilipoanza kuonekana mitaani. Ilikuwa timu ya hospitali, daktari mwanamke aitwaye Neila na muuguzi wake, wakitafuta nyumba zenye vijana wanaopoteza mwendo. Mkunga wa zahanati aliwaongoza, naye aliijua kila nyumba. Walifika kwa Belgasem siku ambayo Bi Mannubia alikuwa ameketi uani, amekuja kutoka Mahdia na hariri ya vazi la bibi harusi, anakula biskuti za ufuta na kusifu malimau ya nyumba hiyo.

Bi Munjia alifungua mlango wa nje kiasi cha kutoa uso tu.

"Hapa hatuna mgonjwa. Mmekosea nyumba."

"Samahani, Lalla," daktari akasema kwa heshima. "Tumeambiwa kuna binti."

"Kuna binti, ndiyo, na anaolewa. Mzima kama samaki."

"Mwenyezi Mungu ambariki. Lakini ukimjua yeyote, mwambie asikae. Zamani tulidhani ugonjwa huu ni mmoja tu, na hauna dawa. Sasa tumegundua kuna aina nyingine inayofanana nao, na hiyo ina dawa. Tukimpata mtu akiwa bado anatembea, huenda asiache kutembea."

Redio haikuwa imefunguliwa, maana Bi Mannubia alikuja bila kutarajiwa. Kila neno likavuka ua, likaingia kidirishani.

Akiwa bado anatembea.

Shedlia aliita. Sauti ikatoka nzito, ikafia kwenye nondo. Kule uani Wided alikuwa ameshasikia, akainuka haraka kwenda kufungua redio. Shedlia akatafuta karibu yake, mkono ukipepesuka hewani kama kawaida yake ukilenga kitu, mpaka ukakamata kikombe cha shaba cha maji. Akakipiga kwenye mtungi. Mtungi mtupu ule ulitoa mlio mkubwa hata kuku wakaruka. Akapiga tena. Akapiga mpaka mazungumzo yote uani yakakatika, kisha akavuta pumzi, akaita maneno mawili tu, moja moja, apate kuyatoa sawasawa:

"Tuko! Wawili!"

Bi Mannubia akaweka kikombe cha kahawa.

"Ni nani huyo, Bi Munjia?"

Daktari Neila alikuwa ameshapita ubavuni mwa Bi Munjia, anavuka ua, anausukuma mlango wa buluu. Alipiga magoti godoroni bila kutazama kwanza kama ni safi.

"Unaitwa nani?"

"Shedlia."

"Na wa pili ni nani, Shedlia?"

Shedlia akamtazama mdogo wake aliyesimama mlangoni, mkono mmoja ukutani, uso umekauka. Hakuhitaji kujibu. Bi Mannubia naye alikuwa ameona ule mkono. Akakunja hariri yake polepole, akaitia kwapani.

"Si ulisema una mmoja," akamwambia Bi Munjia. Alitoka bila kuaga.

Wided alikataa kutolewa damu. Alijifungia chumbani akipiga kelele kwamba yeye si mgonjwa, mgonjwa ni yule shetani wa chumba cha mitungi aliyeionea kijicho harusi yake. Wakamwita Belgasem kinuni. Alikuja na mikono imechafuka, akasikiliza kila upande, kisha akasimama mbele ya mlango wa Wided.

"Toka, unyooshe mkono."

"Baba, wameshaniharibia!"

"Nimesikia. Nyoosha mkono." Miaka yote ile hakuna aliyewahi kumsikia akirudia neno. Wided akatoka.

Majibu yalikuja baada ya majuma kadhaa. Daktari Neila alikaa uani na wote wanne, Shedlia akiwa ameegemezwa mito, mara ya kwanza kukaa na familia nje ya chumba tangu posa.

"Si ule ugonjwa mlioambiwa zamani," akasema. "Ni ule mwingine. Katika damu yao vitamini E karibu haimo kabisa, na vitamini hiyo inapatikana kwenye chakula, hasa kwenye mafuta."

Bi Munjia akaruka. "Mafuta? Huyu ananyweshwa mafuta kila asubuhi! Mafuta mabichi, ya miti yetu! Muulize!"

"Nakuamini, mama. Na vitamini imo humo. Inashuka tumboni, inafika kwenye ini. Kwenye ini la mtu mwingine kuna kitu cha kuipokea na kuipeleka kwenye damu. Watoto wako walizaliwa bila hicho kitu, nusu ya kasoro imetoka kwako na nusu kwa baba yao, nanyi wenyewe hamkuugua. Basi vitamini inafika kwenye ini, haina wa kuibeba, inatupwa."

"Kwa hiyo miaka yote nilikuwa nayamwaga tu."

"Sijui. Labda bila hayo angeanguka mapema zaidi."

Belgasem akauliza, akitazama mikono yake, "Na hiyo vitamini kazi yake nini hasa?"

"Hewa hii tunayovuta, baba. Oksijeni. Bila hiyo tunakufa, lakini mwili ukiitumia, yanabaki mabaki makali yanayounguza. Yanaunguza yale mafuta yanayozizunguka seli, kama mafuta yanavyochacha yakiachwa wazi. Vitamini E inakaa pale kwenye ngozi ya seli, inayazima. Isipokuwapo, yanaunguza kila siku kidogo. Ngozi ya mkono ikiungua inaota nyingine. Seli ya neva ikifa, haioti."

Shedlia alikuwa amesubiri zamu yake.

"Na mimi?"

Daktari hakukwepesha macho. "Utapewa nyingi sana, kila siku, maisha yako yote. Kwa wingi ule, kiasi fulani kinapenya chenyewe. Seli zilizobaki tutazilinda. Zilizokufa, Shedlia, siwezi kuzirudisha."

"Nilipokuwa na miaka kumi na minne," Shedlia akasema, "nilikuwa natembea."

"Najua. Wakati ule hakuna aliyejua."

Kichwa cha Shedlia kikaendelea kutikisika juu na chini, na safari hii hakuna aliyedhani anakubali.

Lazhar hakuja mwenyewe. Alituma mjomba wake kuchukua pete. Masufuria mapya yakarudishwa kwenye makaratasi yake, na Wided akaacha kusema na dada yake.

Hakuacha kumhudumia, maana hapakuwa na mwingine. Alimlisha, akamgeuza, akamsuka nywele, akamwosha miguu, yote bila neno. Mikono ile ile iliyokuwa ikimtekenya sasa ilimshika kama inayosugua sufuria. Habari za mtaa zikakoma. Shedlia alikuwa amezoea kufungwa na kuta, lakini kufungwa ndani ya kimya cha mtu anayekushika mwili mzima kila siku hakuwahi kukujua.

Vidonge vilikuja, vya mafuta ndani, rangi ya kahawia. Wided alimtia Shedlia vyake mdomoni, na vyake mwenyewe alivichukua kiganjani akaenda navyo nje. Kupitia kidirisha Shedlia alimwona akivitupa kwenye shimo la maji machafu. Akamwona pia akinawa uso, jicho moja wazi, na siku hizi mkono haukuachia bomba hata kidogo.

Asubuhi moja Wided alimwekea kidonge mdomoni, Shedlia akafunga meno.

"Fungua."

Shedlia akatikisa kichwa, safari hii kushoto na kulia, kwa kazi kubwa. "Wewe kwanza."

Wided akaweka kidonge sahanini akatoka. Akaja na mkate, Shedlia akafunga meno. Akaja na maziwa, yakamwagika shingoni. Bi Munjia akaja akalia, akabembeleza, akatukana. Belgasem akaja akasimama tu. Shedlia hakufungua mdomo siku ile, wala iliyofuata. Midomo ikapasuka. Jioni ya siku ya pili Wided aliingia akaupiga mlango nyuma yake.

"Umeniharibia maisha yangu, sasa unataka unifie mikononi, niambiwe nimekuua mimi?"

Ilikuwa mara ya kwanza, tangu pete ichukuliwe, kumsikia akisema zaidi ya neno moja. Shedlia alitamani aendelee hata kwa matusi.

"Meza."

"Nakuchukia. Unasikia? Nakuchukia mpaka kwenye kucha."

"Meza. Halafu unichukie."

Wided alibaki ameshika sahani, anapumua kama aliyepanda mlima. Kisha akachukua kidonge, akakimeza bila maji, akafungua mdomo wazi kabisa mbele ya uso wa dada yake ili aone, kama mtoto mtukutu. Shedlia naye akafungua wake.

Hivyo ndivyo walivyoendelea, asubuhi baada ya asubuhi, na midomo wazi. Maneno yalirudi polepole, kwanza ya kazi, "geuka", "shika", "usimwage", kisha mengine. Msamaha haukutajwa na upande wowote. Wided alipona kuyumba kwa sehemu kubwa. Anatembea mpaka leo, miguu imepanuka kidogo, na anashona suruali kwenye kiwanda cha njia ya Mahdia. Wakija wanaume kumwulizia, huwapeleka moja kwa moja kwenye mlango wa buluu kabla ya kahawa. "Huyu ni dada yangu, na mimi nina ugonjwa wake. Sasa kaeni." Wengi hawakukaa. Alipoteleza siku moja sokoni, mtu akacheka, naye Wided akamwambia, "Cheka, lakini mimi nimeanguka na mayai yangu mazima, wewe umesimama na akili imevunjika." Jioni alimhadithia Shedlia kisa hicho, akamwiga na yule mtu.

Na Shedlia? Baada ya mwaka aliweza kushika kijiko akakifikisha mdomoni mara nyingi kuliko alivyokosa. Ulimi ukafunguka kiasi, na mama yake akagundua kuwa binti huyu ana mengi ya kusema, na mengi kati ya hayo hayapendezi. Miguu haikurudi. Kiti cha magurudumu kililetwa na watu wa hisani, kikubwa, cha mwili wa mtu mwingine.

Siku ya kwanza kumtoa barazani ilikuwa ya majira ya machipuko, jua zuri. Wided alimsukuma mpaka nje ya mlango mkubwa, akamfunga shali, akakimbilia kazini. Bi Munjia akaenda kuoka mkate kwa jirani. Miaka yote ile ya kidirisha Shedlia alikuwa akiufikiria mtaa kama kitu kipana. Sasa aliuona, ukuta wa kinu mbele, kona kushoto walikotokea watu, paka juu ya gunia. Bi Beya wa nyumba ya tatu akapita, akasimama, akainama karibu na uso wake.

"HUJAMBO, MASKINI?"

"Sijambo. Na masikio yangu pia hayajambo."

Bi Beya akaruka nyuma, akacheka kwa aibu, akaendelea na safari.

Jua likahama, likamkalia usoni. Shedlia akajaribu kusukuma gurudumu, likakwama kwenye kizingiti. Akaita, nyumbani hakukuwa na mtu. Walipita wengine, wakasalimia kwa mbali, hakuna aliyethubutu kugusa kiti. Basi akakaa, amefumba macho kwa ajili ya mwanga, akisikiliza kinu kikisaga, mpaka mama yake alipotokea na mikate kichwani.

"Ewe Mola wangu! Nimekusahau juani! Umeungua? Nikuingize ndani?"

"Ingiza," Shedlia akasema. Mama yake alipoanza kuhangaika na gurudumu, akaongeza: "Kesho unigeuze. Nitazame upande wa kona."